Waliulizwa Watoto wa Kilosa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, bahasha zilitoka ofisi ya elimu ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, zikaenda katika shule za msingi za wilaya nzima. Hazikubebwa na gari la msafara wala na watafiti. Zilipita njia ile ile inayopita mitihani, takwimu za mahudhurio na barua za uhamisho, mpaka zikafika mezani kwa mwalimu mkuu. Ndani yake mlikuwa na dodoso fupi. Mwalimu alitakiwa kumwita mtoto mmoja mmoja na kumuuliza alichougua katika mwezi uliopita: umekohoa? Umeumwa kichwa? Umepata homa? Umewashwa mwili? Umeharisha? Umekojoa damu? Kisha yakaja majina ya magonjwa, malaria na minyoo na mengineyo, na kichocho kikiwa kimojawapo.

Swali la kichocho lilifichwa makusudi katikati ya mengine. Mtoto akijua unachokitafuta atakujibu unavyotaka, na mwalimu akijua kwamba dawa italetwa shuleni kwake anaweza kuandika damu hata pasipo na damu. Kwa kuwa dodoso halikuonyesha linakoelekea, watoto walijibu kweli yao. Karatasi ziliporudi, waandaaji walilinganisha majibu hayo na vipimo vya maabara. Shule ambazo watoto wengi walisema wanakojoa damu ndizo zilizokuwa na kichocho kingi, na shule ambazo hawakusema hivyo zingeweza kuachwa bila hofu kubwa ya kukosea. Baadaye walimu wenyewe walipewa vijiti vya kupimia damu kwenye mkojo, na majibu yao yakakaribiana sana na ya mafundi wa maabara.

Kazi hiyo ilifanywa na watafiti wa kituo cha Ifakara, kilichoanzishwa mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy, na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Miongoni mwao walikuwa Christian Lengeler, Don de Savigny, Marcel Tanner, Charles Mayombana, na Hassan Mshinda, ambaye baadaye aliiongoza taasisi hiyo na kisha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na jina la Kilosa likawekwa kwenye kichwa cha makala. Mbinu ikachukuliwa ikajaribiwa katika nchi saba, zikiwamo Zambia, Zimbabwe, Malawi, Ethiopia na Kamerun. Miaka kumi baadaye, zaidi ya watoto 130,000 katika nchi kumi walikuwa wameulizwa maswali ya aina ile. Kilosa, wilaya ambayo wengi wanaijua kwa mafuriko na migogoro ya wakulima na wafugaji, iliifundisha Afrika namna rahisi ya kujua kichocho kiko wapi. Watoto wake wanastahili kutajwa kwa heshima katika historia ya tiba.

Hata hivyo, bahasha zile hazikuweza kumweleza mzazi wa Magole wala wa Mikumi, wilayani humo, kwa nini damu ile ni hatari kuliko inavyoonekana. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, mvulana kukojoa damu kulichukuliwa kuwa hatua ya kukua tu. Wakubwa wake walipitia, kaka zake walipitia, na baada ya muda damu ilikoma yenyewe. Ilipokoma, kila mtu aliamini ugonjwa umeisha.

Kilosa ya wakati ule ilikuwa pana kuliko ya leo, kwa sababu Gairo haikuwa imejitenga kuwa wilaya. Juu kuna milima ya Ukaguru na Rubeho, ambako maji hushuka kwa kasi yakiwa baridi. Chini ni tambarare: Magole na Dumila kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, Kimamba na Rudewa zenye historia ya mkonge, kisha kusini Mikumi na bonde la Ruaha. Katika tambarare maji hupoteza kasi. Hukaa kwenye majaruba ya mpunga, kwenye mifereji, kwenye madimbwi yanayobaki mto ukirudi mkondoni mwake. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu kwenye daraja la Dumila na kuwaacha wakazi wengi wa Magole bila nyumba. Maji ya namna hiyo yakipungua huacha vidimbwi kila mahali, na kisima kilichofukiwa na tope humrudisha mama mtoni. Konokono wadogo wa jamii ya Bulinus hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mtu akikojoa humo, mayai ya kichocho huanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinaongezeka, kisha vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya binadamu. Anayepanda mpunga akiwa ndani ya maji mpaka magotini amevifungulia mlango wote.

Minyoo iliyokomaa huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo, dume akimkumbatia jike, kwa miaka mitatu, mitano, wakati mwingine zaidi ya kumi. Jike hutaga kila siku. Kila yai lina mwiba mmoja nchani. Mayai mengine hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na njia hiyo ndiyo inayotoa damu. Mengine hukwama, nayo ndiyo yenye madhara ya muda mrefu. Mwili huyazingira kwa uvimbe, uvimbe huacha kovu, kovu hujaa chokaa. Utando wa ndani wa kibofu huumia, hupona, huumia tena, miaka nenda miaka rudi, huku bakteria wanaojificha katika mkojo usiotoka vizuri wakitengeneza kemikali zinazoharibu seli. Baada ya miaka ishirini au thelathini, seli zilizolazimika kujigawa mara nyingi kiasi hicho zinaweza kuacha utaratibu wake. Damu hurudi, na safari hii anayekojoa damu ni mtu mzima mwenye familia.

Waliouona mapema uhusiano huu wa kichocho na saratani ya kibofu ni madaktari wa Misri, maana Mto Nile una kichocho tangu enzi za mafarao. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza mayai ya kichocho aliyoyakuta katika figo za maiti zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mwaka 1851 katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo, na Mjerumani Theodor Bilharz, kijana wa miaka 26 wakati huo. Katika hospitali hiyo hiyo, mwaka 1911, mtaalamu wa patholojia A. R. Ferguson alichapisha maelezo ya wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho na saratani ya kibofu kwa pamoja. Wengi walikuwa wakulima wa mashamba ya kumwagilia. Ferguson aliona kwamba saratani hii inawafika watu wakiwa bado na umri wa kufanya kazi, na kwamba seli zake ni bapa, tofauti na saratani ya kibofu iliyozoeleka Ulaya. Miaka minne baadaye Robert Leiper alionyesha, huko huko Misri, kwamba konokono ndiye daraja kati ya mtu na mtu.

Kujua chanzo hakukuleta nafuu ya haraka, kwa sababu dawa zilikuwa adhabu. Mwaka 1918 J. B. Christopherson alitangaza kutoka Khartoum kwamba chumvi ya antimoni ikidungwa kwenye mshipa huua minyoo. Iliua kweli, lakini ilihitaji sindano nyingi kwa wiki kadhaa, ikatapisha, ikasumbua moyo, na wagonjwa wengi hawakumaliza. Misri iliitumia kwa kampeni kubwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, sindano zikirudiwa kwa mtu na mtu baada ya kuchemshwa ovyo, na watafiti baadaye walionyesha kwamba kampeni hizo zilichangia sana kusambaza homa ya ini aina ya C katika nchi hiyo. Ni jambo la kuumiza: watu waliokuja kuokolewa kibofu walipoteza ini. Kila anayepanga tiba ya umma, hata iwe na nia njema kiasi gani, anapaswa kulikumbuka.

Praziquantel ilikuja katika miaka ya 1970 kutoka kwa kampuni mbili za Ujerumani, Merck ya Darmstadt na Bayer. Kemikali hiyo ilitengenezwa wakati wa kutafuta dawa za kutuliza akili, ikafika kwa watafiti wa dawa za mifugo, wakagundua kwamba inaua minyoo bapa. Dawa ya kichocho ikawa vidonge vya kumezwa kwa siku moja. Kalsiamu hufurika ndani ya mnyoo, misuli yake hukakamaa, ngozi yake huharibika, na kinga ya mwili hummaliza. Majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa wa kichocho cha mkojo yalifanyika Zambia, na Tanzania haikuchelewa: mwaka 1979 J. E. McMahon na N. Kolstrup walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza matokeo mazuri waliyoyapata hapa nchini. Bei ilikuwa kubwa mwanzoni. Kampuni ya Korea Kusini, Shin Poong, ilipobuni njia nafuu ya kuitengeneza, dawa ikaanza kushuka mpaka kidonge kimoja kikawa cha senti chache za dola.

Upungufu wake unafaa kusemwa waziwazi. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, haiui michanga, wala haimzuii mtu kuambukizwa upya kesho yake akirudi kwenye majaruba. Ndiyo sababu dozi hurudiwa. Lakini pamoja na upungufu huo, inachokifanya ndani ya kibofu ni kikubwa. Christoph Hatz na wenzake walibeba mashine za ultrasaundi mpaka kwa watoto wa shule kusini-mashariki mwa Tanzania, wakapiga picha za vibofu kabla na baada ya dawa kwa miezi 24. Kuta zilizonenepa zilipungua na uvimbe ulinywea, hasa katika miezi ya mwanzo. Kwa watoto walioambukizwa tena, madhara yalianza kuonekana upya. Kovu la kibofu cha mtoto, kumbe, linaweza kurudi nyuma likiwahiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kuu katika historia hii yote, na ni habari ambayo haijawafikia wazazi wengi.

Je, kidonge kinaweza kuzuia saratani? Huko Ulaya kidonge cha kawaida kinachojadiliwa sana kuhusu saratani ni aspirini. Mwaka 2011 jaribio lililowahusisha watu 861 wenye kasoro ya kurithi iitwayo Lynch lilionyesha kwamba waliomeza aspirini kila siku kwa miaka miwili au zaidi walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache baadaye. Nusu ya watu hao 861 walipewa aspirini, nusu nyingine vidonge visivyo na dawa. Kwa praziquantel jaribio la namna hiyo halijafanywa, na ni vigumu kuona mtu mwenye dhamiri akilifanya: ungelazimika kuwanyima dawa nusu ya watoto wanaokojoa damu kisha usubiri miaka thelathini. Ushahidi wetu unatoka kwingine. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, yenye makao Lyon, Ufaransa, ilikiweka kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza, kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu. Na upo mfano wa Misri.

Misri iliachana na sindano, ikagawa praziquantel kwa miaka mingi, ikaua konokono na kupeleka maji safi vijijini. Madaktari wa taasisi ya taifa ya saratani mjini Cairo walipitia kumbukumbu za wagonjwa 9,843 wa saratani ya kibofu tangu mwaka 1970. Miaka ya mwanzo, kati ya saratani zote zilizofika hospitalini hapo, zaidi ya robo zilikuwa za kibofu. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa karibu asilimia 12. Wagonjwa wenye mayai ya kichocho katika vipande vya nyama vilivyopimwa walipungua kutoka asilimia 82 hadi 55, na saratani ya seli bapa, ile aliyoieleza Ferguson, ikashuka kutoka robo tatu ya wagonjwa hadi chini ya theluthi. Vidonge havikuwa peke yake katika kazi hiyo, na uvutaji wa sigara uliokuwa ukiongezeka ulileta saratani ya aina nyingine. Lakini saratani ya wakulima ilirudi nyuma ndani ya kizazi kimoja na nusu.

Tanzania bado inaishi katika sura ya mwanzo ya historia ya Misri. Mwaka 1986 J. N. Kitinya na wenzake wa Moshi walilinganisha maeneo ya kaskazini yenye kichocho kingi na yenye kichocho kichache, na wakaikuta saratani ya seli bapa ikiufuata ugonjwa. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka Kanda ya Ziwa. Zaidi ya nusu walikuwa na ile ya seli bapa. Wengi wa wagonjwa wa aina hii hufika hospitalini wamechelewa, kibofu kikiwa hakiwezi kuokolewa, na upasuaji wa kukiondoa ni mkubwa hata katika hospitali za rufaa. Mkulima wa Magole atatumwa Morogoro, kutoka hapo Muhimbili au Ocean Road, na familia itauza shamba njiani.

Mei 2001 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zenye kichocho kuwafikia angalau robo tatu ya watoto wa shule ifikapo mwaka 2010. Mwaka uliofuata mpango wa kudhibiti kichocho ulianzishwa London chini ya Alan Fenwick, ambaye ujana wake wa kazi aliutumia kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, karibu na Moshi. Tanzania ilikuwa moja ya nchi sita za kwanza. Walimu waliotumia vijiti vya mkojo miaka ya 1980 sasa walipewa ubao wa kupima urefu, uliochorwa mistari: mtoto akisimama, kichwa chake kinaonyesha idadi ya vidonge. Tangu mwaka 2007 Merck imekuwa ikitoa dawa hiyo bure kwa Afrika kupitia Shirika la Afya Duniani.

Ndipo yakatokea ya mwaka 2008. Katika Mkoa wa Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni uligeuka ghasia. Watoto waliomeza vidonge waliumwa tumbo, wakatapika, wakaona kizunguzungu, mambo ambayo praziquantel huyaleta hasa kwa aliyemeza akiwa na njaa na mwenye minyoo mingi. Uvumi ukakimbia kuliko gari: watoto wamezimia, watoto wanakufa, dawa ni ya majaribio, dawa ni ya kuwafanya wasizae. Wazazi walivamia shule kuchukua watoto wao. Walimu walitishwa, polisi wakaitwa, ugawaji ukasitishwa. Mtafiti Julie Hastings, aliyekaa mkoani akiwasikiliza wazazi, walimu na watoto, ameandika kwamba hofu ile haikuwa ujinga. Watu walikuwa na sababu zao. Hawakuwa wameelezwa vya kutosha dawa ni ya nini, kwa nini inagawiwa na mwalimu badala ya muuguzi, na kwa nini inatolewa hata kwa mtoto asiyeumwa wala kupimwa.

Mkoa ni ule ule. Miaka ishirini tu kabla ya hapo, katika wilaya yake moja, elimu kubwa ya kichocho ilipatikana kwa sababu mtoto aliulizwa swali na jibu lake likaaminiwa. Mwaka 2008 hakuna aliyeulizwa. Kidonge kilifika kikiwa na agizo, na mzazi akabaki kubahatisha. Naamini kabisa kwamba mzazi aliyeonyeshwa picha ya kibofu kilichopona, aliyeambiwa mwanawe atakula kwanza kisha huenda akatapika kidogo na kwa nini, aliyeelezwa kwamba minyoo ya leo inaweza kumletea mwanawe saratani akifika miaka arobaini na mitano, angekuwa mtetezi wa kidonge hicho. Neno saratani linaogopwa kila nyumba. Kichocho hakiogopwi. Kuvitenganisha viwili hivi katika matangazo ya afya ni kumnyima mzazi sababu ya maana kuliko zote.

Wasichana wanatudai maelezo zaidi. Damu kwenye mkojo wa binti aliyevunja ungo hudhaniwa ni hedhi, au huonewa haya, na hata yale madodoso ya shule yaliwapata kwa shida. Mayai ya kichocho hukwama pia katika shingo ya kizazi na uke, huleta vidonda na maumivu, na mwanamke hutibiwa magonjwa ya zinaa mwaka baada ya mwaka bila kupona.

Na wapo watu wazima, ambao kampeni za shule ziliwaruka kwa miongo miwili. Hao ndio wanaoingia majaruba alfajiri, wanaovua, wanaofua, na wengi wao walikojoa damu utotoni kabla dawa haijafika shuleni. Februari 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mahali ambapo kichocho kimewapata watu kumi au zaidi katika kila mia, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza wakiwamo. Kwa wadogo kabisa, kidonge kipya kinachoyeyuka katika maji na kisichokuwa na uchungu kama cha zamani, kilichojaribiwa Kenya na Ivory Coast, kilipata kibali cha kitaalamu cha wadhibiti wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa 2023. Mkulima wa mpunga wa Magole anayeona damu kwenye mkojo, au aliyeiona alipokuwa mtoto, hana haja ya kusubiri kampeni. Apimwe mkojo kituo cha afya, na ikiwa damu inaendelea baada ya dawa, kibofu kichunguzwe. Dozi hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na kidonge kimoja kina miligramu 600. Mwenye kilo 60 anameza vinne, akiwa amekula.